Kambi ya bure ya Dakota na tiketi yetu ya saa 24

Ukitoka Sioux Falls, jimboni South Dakota, ukashika barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi, saa mbili za mwanzo hazina la kusimulia: mahindi, soya, mahindi tena. Gari likishavuka Mto Missouri pale Chamberlain, mashamba yanapungua, nyasi zinashika nchi, na mabango ya duka moja yanajipanga kando ya njia yakitangaza maji ya barafu ya bure na kahawa ya senti tano. Mbele zaidi, nyika inamegeka ghafla. Chini ya ukingo kuna makorongo, minara na kuta za udongo zenye mistari ya kijivu, njano na wekundu wa tofali, zimesimama moja nyuma ya nyingine hadi macho yachoke. Aliyefika Isimila, karibu na mji wa Iringa, ameiona sura hiyo kwa udogo. Hapa imetandazwa juu ya ekari zipatazo 244,000, nayo inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Badlands.

Kila kiangazi njia hii hupita magari madogo yaliyosheheni kupita kiasi: vijana wanne, mahema mawili, jiko la gesi, deli la barafu, gunia la viazi. Wanaanza na Badlands, wanapanda milima ya Black Hills, wanaingia Wyoming kuuona mwamba wa Devils Tower, na wenye siku za ziada wanafika milima ya Bighorn kabla ya kugeuza. Wengi ni wanafunzi na watu wa vibarua. Fedha za hoteli hawana, na safari yao haizihitaji.

Hesabu yao inafaa kufanywa hadharani. Tuseme wanatoka Sioux Falls na kurudi papo hapo, pamoja na michepuko yote ya njiani: maili 1,400 hivi, yaani kama kilomita 2,250. Gari la kawaida litakunywa galoni 50. Galoni ikiwa dola 3.30, mafuta ni dola 165. Kiingilio cha Badlands ni dola 30 kwa gari zima, na risiti yake inatumika siku saba. Devils Tower ni dola 25, kwa gari na kwa siku saba vilevile. Mount Rushmore, penye nyuso za marais wanne zilizochongwa mlimani kati ya 1927 na 1941, hapana kiingilio; kinacholipiwa ni maegesho, dola 10. Malazi ni sifuri. Jumla inakuwa dola 230, na kila mmoja wa wale wanne anachanga dola 57 na nusu kabla ya chakula. Kwa kima cha chini cha mshahara cha South Dakota, kinachozidi dola 11 kwa saa, huo ni ujira wa saa tano hivi.

Mtu anaweza kuisoma hesabu hiyo akawasifu vijana kwa kubana matumizi. Wanastahili sifa kidogo, kwa kuwa viazi vya kuchemsha siku ya tatu mfululizo vinahitaji moyo. Lakini mstari ulioiokoa safari yao ni ule wa malazi, na huo hawakuubana wao. Uliandikwa na wabunge na marais miaka mingi kabla hawajazaliwa. Safari ya bei nafuu huamuliwa kwanza na sheria ya ardhi na namna tiketi ya langoni ilivyopangwa. Ujanja wa msafiri huja baadaye. Serikali zetu za Afrika Mashariki, ambazo kila mwaka zinahimiza utalii wa ndani, zingeanza kwa kuusoma mstari huo.

Sifuri hiyo ina historia ndefu. Kusini kidogo ya mji wa Wall, kabla ya kufika lango la hifadhi, kuna njia ya vumbi inayoingia katika eneo liitwalo Buffalo Gap, mojawapo ya nyika za taifa zinazosimamiwa na Idara ya Misitu ya Marekani. Njia hiyo inafika hadi kwenye ukingo wenyewe, na jioni ya kiangazi magari hujipanga hapo, kila moja na hema lake, mbele yao korongo lote likibadilika rangi jua linapozama. Hakuna lango wala mlinzi wa kukata risiti. Kuna ukomo wa siku za kukaa na masharti ya kutoharibu. Basi.

Ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya watu. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kuilima kwa miaka mitano. Kipimo hicho kilitosha kule mashariki kwenye mvua. Huku Dakota magharibi, ekari 160 zilikuwa njaa iliyopimwa kwa kamba. Ukame na vumbi vya miaka ya 1930 vilipokutana na kuanguka kwa bei za mazao, familia zikafunga mizigo na kuondoka. Kwa sheria ya 1937, serikali ilinunua mashamba yaliyoshindwa na kuotesha nyasi upya. Mwaka 1954 maeneo hayo yalikabidhiwa Idara ya Misitu, na 1960 yakapewa rasmi hadhi ya nyika za taifa. Leo Buffalo Gap peke yake inakaribia ekari 600,000. Serikali ingeweza kuyauza tena kwa matajiri wa ng'ombe mvua ziliporudi. Iliamua kubaki nayo, wafugaji wakapewa vibali vya kulisha mifugo kwa malipo, na mwananchi mwingine yeyote akaachiwa mlango wazi.

Ndani ya hifadhi yenyewe nako kuna kambi ya bure, Sage Creek, mwisho wa barabara isiyo na lami. Huduma zake ni chache: choo cha shimo, meza za kulia chakula, nyasi. Maji hakuna. Nyati wa Marekani, ambao walikuwa wametoweka hapa na kurudishwa mwaka 1963, hupita katikati ya mahema kana kwamba wao ndio waliokata tiketi, na dume mmoja anaweza kufika kilo 900. Mwenye busara hubaki ndani ya gari hadi waondoke. Moto wa kuni umepigwa marufuku kila mahali katika hifadhi hii, kwa sababu nyasi kavu na upepo wa Dakota vikishirikiana havizimiki kwa ndoo. Pishi ni la jiko la gesi tu.

Kwa kuwa maji hakuna, madumu hujazwa mjini Wall, na hapo ndipo yale mabango ya barabarani yanapopata maana. Mwaka 1931 mfamasia Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa katika mji huo mdogo, wakati ambao hakuna aliyekuwa na fedha za kununua kitu. Magari yalikuwa yakipita bila kusimama. Mwaka 1936 wakaweka vibao kando ya barabara: maji ya barafu, bure. Watu waliokuwa wakikauka kwa joto wakaanza kusimama, na aliyesimama kunywa maji alitoka na kitu mkononi. Duka hilo, Wall Drug, sasa limekuwa kama soko zima na bado linatoa maji bila malipo. Hata mfanyabiashara wa kijijini alielewa kwamba msafiri asiye na fedha ni mteja anayefaa kukaribishwa.

Ubaya wa kambi ya ukingoni ni upepo. Hema la bei ya chini lenye fito za fibaglasi huweza kulazwa chini usiku wa manane, wenye hema wakamalizia usingizi ndani ya gari, magoti kidevuni. Hali ya hewa ya huku haina adabu. Mji wa Spearfish, ulio pembeni mwa Black Hills, unashikilia rekodi ya tarehe 22 Januari 1943, siku ambayo joto lilipanda kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 7 juu ya sifuri kwa muda wa dakika mbili. Kiangazi ni kipole zaidi, ila mvua ya mawe ya Julai huweza kuacha boneti ya gari na mabonde yake yenyewe.

Mchana ni wa kutembea. Badlands inamruhusu mgeni kuiacha njia iliyochongwa na kwenda atakako, jambo adimu katika hifadhi za Marekani, na udongo chini ya miguu yake ni ghala la mifupa. Tabaka hizo zilianza kujilaza miaka milioni 75 iliyopita, palipokuwa na bahari, na maji ya mvua yalianza kuzikata miaka nusu milioni tu iliyopita. Kasi yake ni karibu inchi moja kwa mwaka, mbio kubwa kwa mambo ya miamba. Kila msimu mifupa mipya hujitokeza. Mwaka 2010 msichana wa miaka saba aliyekuja kutembea aliona kitu kikichomoza karibu na kituo cha wageni. Kilikuwa fuvu la mnyama wa kale mwenye umbo la paka na meno kama majambia. Kiingilio cha familia yake kingekuwa kikubwa, fuvu lile huenda lingesombwa na mvua bila shahidi.

Kutoka hapo hadi Black Hills ni mwendo wa saa moja na ushee. Misonobari iliyofunika milima hiyo huonekana myeusi kwa mbali, na hewa inapoa. Hapa tena sifuri inarudi: Msitu wa Taifa wa Black Hills unaruhusu watu kupiga kambi bure nje ya kambi rasmi, hadi siku 14, wakifuata masharti ya moto na umbali. Kilele cha Black Elk, mita 2,208, kina njia mbili zinazojulikana. Ile fupi inaanzia Sylvan Lake, ndani ya hifadhi ya jimbo yenye kiingilio chake. Ile ndefu inaanzia Willow Creek, upande wa kaskazini, haina kiingilio, na ndiyo inayopendwa na wenye mifuko myepesi. Zote zinaishia kwenye mnara uleule wa mawe.

Mnara huo unastahili dakika zaidi ya picha. Ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na vijana wa CCC, jeshi la kazi la Rais Franklin Roosevelt. Kati ya 1933 na 1942 mpango huo uliajiri vijana wapatao milioni tatu waliokuwa hawana kazi. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani kwao. Walipanda miti, walichonga njia, walijenga madaraja, vyoo na kambi ambazo hadi leo zinalaza watu. Kwa hiyo kijana anayekunywa maji yake kileleni hajatumia fedha, lakini anatumia mtaji uliowekwa na vijana wenzake wa karne iliyopita, kwa amri ya serikali iliyokuwa na madeni hadi shingoni.

Kuna mlipaji mwingine, na huyu hakuulizwa.

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Wasioux wa Lakota milima ya Black Hills. Miaka sita baadaye msafara wa kijeshi wa Custer ulitangaza kwamba kuna dhahabu, na mwaka 1877 Bunge la Marekani likaichukua milima. Kesi ya Wasioux ilizunguka mahakamani kwa miongo. Tarehe 30 Juni 1980, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane kwa mmoja, kwamba milima ilichukuliwa bila fidia ya haki, na kwamba dola milioni 17.1 zilipwe pamoja na riba tangu 1877, jumla ya zaidi ya dola milioni 100. Wasioux wakazikataa. Fedha hizo zimebaki katika akaunti ya serikali zikizaa, zimepita dola bilioni moja, na jibu lao halijabadilika: wanataka milima. Hao ni watu ambao eneo lao walilotengewa, Pine Ridge, ni miongoni mwa maeneo maskini kuliko yote nchini humo.

Upande wa Badlands hali ni hiyohiyo. Mwaka 1942 jeshi la anga lilitwaa sehemu kubwa ya ardhi ya Pine Ridge iwe uwanja wa mazoezi ya kudondosha mabomu, na familia 125 zikaondolewa. Mmoja wa waliohamishwa alikuwa Dewey Beard, mzee aliyepona mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambako wanajeshi waliua zaidi ya watu 150 wa Lakota, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Nusu ya kusini ya hifadhi ya leo ndiyo ardhi hiyo, na sasa inasimamiwa kwa ubia na kabila la Oglala. Watalii wengi hawafiki huko. Barabara ni mbaya, na bado kuna mabaki ya mabomu yasiyolipuka. Kundi la marafiki linalojigamba kwa safari ya dola 57 lingefanya vyema kutenga nusu siku, lishuke hadi Pine Ridge, linunue chakula na kazi za mikono huko. Ni fidia ndogo mno, ila ni bora kuliko kupita kimya.

Devils Tower hauhitaji maneno mengi: jiwe moja la futi 867 kutoka kitako hadi kilele, lenye mifuo ya wima kana kwamba limekwaruzwa, na lililokuwa la kwanza kutangazwa mnara wa taifa na Theodore Roosevelt mwaka 1906. Makabila ya eneo hilo hulihesabu kuwa mahali pa ibada, na tangu 1995 wapanda miamba huombwa wasilipande mwezi Juni. Ni ombi, hakuna faini. Wengi wao huliheshimu. Baada ya hapo I-90 inaelekea Buffalo, na barabara namba 16 inapanda milima ya Bighorn hadi kipito cha Powder River, karibu mita 2,950, ambako theluji ya Juni haimshangazi mwenyeji. Kilele kikubwa huko, Cloud Peak, kina mita 4,013, chini ya Mlima Meru wa Arusha kwa zaidi ya mita 500. Chakula cha kambini hufungiwa garini usiku, maana dubu weusi wana pua kali kuliko mbwa wa polisi.

Sioux Falls yenyewe, safari inakoanzia, ina wasemaji wake wa Kiswahili. Aprili 2020, Covid ilipokikumba kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Smithfield mjini humo, maofisa wa afya wa serikali kuu waliorodhesha lugha kumi kubwa za wafanyakazi, na Kiswahili kilikuwamo. Mtu aliyefika huko kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, aliyelala miaka chini ya turubai lenye nembo ya UNHCR, ana haki ya kucheka akimwona mtu mwenye kitanda chake akinunua hema kwa fedha ili akalale chini. Kwake hema ni kungoja, foleni ya unga, karatasi ambazo hazifiki. Watoto wake huenda wakaliona kwa jicho jingine, wakialikwa na wenzao wa darasani kwa mapumziko ya Labor Day. Hema la Sage Creek lina sifa moja ambayo la Nyarugusu halikuwa nayo: asubuhi unalikunja na kurudi nyumbani.

Nafuu hii ya kulala bure haina ulinzi wa milele. Juni 2025 Seneta Mike Lee wa Utah alipendekeza kuuza kati ya ekari milioni mbili na tatu za ardhi ya umma ya magharibi. Waliompinga walikuwa mchanganyiko wa ajabu: wawindaji wenye bunduki, wavuvi, wapiga kambi wa mjini, na hata wabunge wa chama chake mwenyewe. Mwisho wa mwezi huo aliliondoa pendekezo lake. Hifadhi za taifa nazo zina viporo vya matengenezo vya zaidi ya dola bilioni 20, na mapema mwaka huohuo zilipoteza wafanyakazi wapatao 1,000 kwa mkupuo mmoja. Choo cha bure kisicho na wa kukisafisha hakidumu kuwa choo.

Kisha kuna hili la wageni. Kuanzia Januari 2026, kadi ya mwaka ya kuingia hifadhi zote imebaki dola 80 kwa wakazi wa Marekani, lakini kwa mtu wa nje ni dola 250. Asiye na kadi huongezewa dola 100 kwa kila kichwa katika hifadhi 11 zenye watu wengi, Yellowstone na Grand Teton zikiwemo. Badlands na Devils Tower hazimo katika orodha hiyo. Kule Ulaya watu wameguna. Mwongoza watalii wa Arusha asingeguna, kwa kuwa bei ya mgeni na bei ya mwenyeji ni jambo alilolikuta: mgeni huingia Serengeti kwa dola 70 kwa siku msimu wa kilele, mwananchi wa Afrika Mashariki kwa shilingi 10,000 za Tanzania, vyote kabla ya kodi.

Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, inamfungia mwananchi mlango kwa bei. Shilingi 10,000 si ukuta. Ukuta uko kwenye muundo wa tiketi. Kila kichwa kinalipa chake, gari lina tozo yake, kulala kuna tozo yake, na vyote vinahesabiwa kwa siku, kwa saa 24. Marafiki wanne wa Mbeya au Morogoro wanaochanga mafuta hawapati nafuu ya maana langoni kwa kuja pamoja, na kila usiku wanaoongeza unawaadhibu. Kila dereva wa Serengeti anazijua mbio za kuelekea lango la Naabi saa zinapokaribia kuisha, vumbi nyuma, swala wakitawanyika. Tiketi ya Badlands inamwambia kijana kinyume chake: lete wenzako, kaa wiki, hakuna anayekukimbiza.

Watetezi wa mfumo wetu wana hoja, na ni nzito. Hifadhi za Marekani hutegemea zaidi fedha za Bunge, wakati hifadhi chache za Tanzania kama Serengeti na Kilimanjaro ndizo zinazozibeba nyingine zisizo na wageni. Tena nyati wa Sage Creek si simba wa Seronera, kitovu cha Serengeti. Huwezi kumwacha kila mwenye hema ajilalie popote. Kweli. Lakini hakuna anayeomba kambi ya bure katikati ya Seronera. Kuna Kitulo, nyanda za maua zilizofanywa hifadhi mwaka 2005, ambako msafiri hahitaji bunduki kando ya hema. Kuna Udzungwa, ambako mtu hupanda kwa miguu. Kenya ina Longonot na Hell's Gate, mwendo wa saa mbili kutoka Nairobi. Fedha ambazo wananchi wanaingiza katika hifadhi za namna hii ni kidogo kiasi kwamba kuzijaribu kwa bei nyingine hakutamfilisi mtu.

Na ardhi ipo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa maandishi, hilo ni pana kuliko chochote alichonacho Mmarekani. Kwa vitendo, kijana mwenye hema lake hajui aende wapi bila kuulizwa kibali. Sehemu ya jibu iko vijijini: kijiji chenye mandhari nzuri huko Lushoto au Rungwe kinaweza kutenga robo ekari, kikachimba choo, kikaweka bomba la maji na bei ndogo iliyobandikwa kwenye mti, fedha zikaingia ofisi ya kijiji kwa stakabadhi. Hapo pia tungeepuka kosa la Black Hills, la kuwafanya wenye ardhi wawe watazamaji wa starehe ya wengine. Wamasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959, na familia za Ngorongoro zilizopelekwa Msomera tangu 2022, ni ukumbusho kwamba kosa hilo si la Wamarekani peke yao.

Filamu ya The Royal Tour ilizinduliwa New York mwaka 2022 kumwalika Mmarekani aje Tanzania. Vizuri. Sasa mwananchi naye aalikwe, kwa tiketi na si kwa tangazo. TANAPA na mwenzake wa Kenya, KWS, wachague hifadhi mbili kila mmoja, kwa mwaka mmoja, watoe tiketi moja ya gari la mwananchi itakayotumika siku saba, kulala kambini kukiwemo, kisha watangaze hadharani ni magari mangapi yaliyoingia na ni shilingi ngapi zilizopatikana. Kitulo ianze Desemba, maua yanapochanua na wanafunzi wakiwa likizo.